Sate ya Madura au ya Padang: ule ipi ukifika Indonesia?

Mtajie sate mtu yeyote wa pwani yetu aliyewahi kupita Jakarta, atakwambia: aa, vile vishikaki vidogo vya kuku vyenye mchuzi wa karanga. Kweli, lakini hiyo ni sate moja tu, ya Madura, ambayo imeenea mno hata imezifunika nyingine. Nenda Sumatra Magharibi, nyumbani kwa sate ya Padang, sate italetwa imezama kwenye rojo zito la manjano, na karanga huioni hata punje. Nenda kusini mwa Yogyakarta, utapewa nyama ya mbuzi iliyotungwa kwenye spoki za baiskeli, haina kitu ila chumvi. Bali nako ni samaki wa kusaga aliyebandikwa kwenye bua la mchaichai.

Mwenye jioni mbili tatu za kula nje aanze na ipi? Nitalinganisha hasa mbili, ya Madura na ya Padang, kwa kuwa hizo utazikuta karibu kila mji wa Indonesia, mara nyingine mikokoteni yao imeegeshwa bega kwa bega. Klathak ya Yogyakarta na lilit ya Bali nimezitia kwa ajili ya watakaofika huko. Hizo hazikufuati, wewe ndiye unayezifuata. Na niseme mapema: mimi niko upande wa Padang, ila nitajitahidi kutenda haki.

Kwa nini hizi mbili ziko kila mahali

Sate ilianzia Java. Wanaoandika historia ya vyakula huiweka mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wafanyabiashara Waislamu kutoka India na Uarabuni walipozidi kuhamia bandari za kisiwa hicho, wakaja na nyama yao ya kuchomwa. Wengi wa Waarabu hao walikuwa Wahadhrami, na ndugu zao wengine walipanda majahazi ya kuja huku kwetu, Lamu, Mombasa na Unguja. Kwa hiyo anayesema sate inafanana na mishkaki hajaota ndoto. Wajava waliipunguza nyama ikawa vipande vidogo, wakaitunga kwenye vijiti vya mwanzi, wakachukua sosi ya soya waliyoijua kwa Wachina na kuichemsha na sukari ya utomvu wa mnazi hadi ikawa tamu na nzito kama asali. Hiyo ndiyo kecap manis. Karanga, ambazo asili yake ni Amerika Kusini, nazo zilikuwa zimeshafika.

Baada ya hapo kila jimbo lilikwenda na lake. Ila sate haisafiri peke yake, inabebwa na watu, na Indonesia ina makabila mawili ambayo safari ni sehemu ya maisha yao.

La kwanza ni Wamadura. Kisiwa chao kiko mkabala na Surabaya. Ardhi yake ni ya chokaa, kavu, na mpunga hauwalipi. Wanajulikana zaidi kwa chumvi na mbio za mafahali. Shamba lisipolisha, mtu anaondoka. Wametapakaa miji yote na kazi zao zinafahamika: vyuma chakavu, kunyoa nywele, vioski visivyofungwa usiku wala mchana, na sate. Ni yale yale ya Mpemba na duka huko Bara, huhitaji kuuliza mwenyewe ni nani. Mchuuzi wa zamani alivaa fulana ya mistari myekundu na myeupe, akapita mitaani na mkokoteni uliochongwa mfano wa mashua huku akiita "Teee, sateee!" Mashua hiyo bado utaiona leo, hata kama mkokoteni wenyewe umeegeshwa pahali pamoja miaka nenda rudi. Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya aliyekulia Jakarta kwa miaka kadhaa, aliporudi akiwa rais Novemba 2010 aliwaigizia wasikilizaji wake Chuo Kikuu cha Indonesia miito ya wachuuzi wa sate na bakso, vile vibonge vya nyama vya supu, na ukumbi ukaangua kicheko. Kila aliyekulia mjini humo anaijua sauti ile.

Kichekesho ni kwamba tangu daraja la Suramadu lifunguliwe mwaka 2009, kilomita 5.4 kutoka Surabaya hadi Madura, wengi wanaolivuka kwenda Bangkalan kutafuta chakula wanafuata bata wa kukaanga. Sate wanayo tayari mlangoni kwao.

Kabila la pili ni Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, jimbo ambalo makao yake makuu ni Padang. Hawa ni Waislamu wanaofuata ukoo wa mama. Nyumba ya ukoo na mashamba ya mpunga ya urithi yanatoka kwa mama kwenda kwa binti, na kijana wa kiume anatarajiwa atoke akatafute chake ugenini. Kutoka huko wanakuita merantau, na hakuna anayekuonea haya. Asiyetoka ndiye atakayeulizwa kulikoni. Akifika mjini anafungua mgahawa. Mtaji ukiwa mdogo, anaanza na mkokoteni wa sate jioni.

Ndiyo maana Jakarta utapata Madura na Padang mtaa huo huo, na klathak uipande gari moshi kuifuata Yogyakarta.

Nyama kabla haijaona moto

Wengi hulinganisha sate kwa mchuzi wake. Mimi ningetazama kwanza nyama imefanywa nini kabla ya kufika kwenye makaa, maana hapo hizi mbili zinaachana kabisa.

Mmadura anaanza na kuku mbichi. Ni nyama ya paja na vipande vya ngozi, vimekatwa ukubwa wa ncha ya kidole gumba, vinne vitano kwa kijiti kifupi. Anavikusanya vijiti kumi mkononi kama shada, anavigaragaza kwenye sahani yenye kecap na karanga kidogo, anavilaza juu ya jiko refu jembamba. Wenye kujali huchoma kwa makaa ya vifuu vya nazi, ambayo moto wake ni mkali na moshi wake una harufu nzuri. Mkono mmoja unageuza, mwingine una kipepeo cha mwanzi. Nyama ikianza kubadilika rangi anairudisha kwenye sosi mara ya pili, kisha motoni tena. Yote ni dakika chache. Kazi ngumu iko kwenye ile sukari: inaungua upesi, na mpishi mwenye haraka atakupa kuku mweusi nje, mwekundu ndani. Mwangalie anavyopepea. Anayepepea bila kupumzika ana foleni na anataka uondoke. Anayepepea, akaacha, akageuza, akapepea tena, huyo kaa umsubiri.

Kwa Mmadura huyo huyo utapata pia sate ya mbuzi. Usishangae ikija bila karanga: wengi huiandalia kecap tupu yenye pilipili, nyanya na vitunguu vidogo vibichi vilivyokatwakatwa. Ni nzuri, lakini si hiyo iliyompa jina.

Mpadang hapeleki nyama mbichi motoni. Anachukua nyama ya ng'ombe, ulimi, moyo na utumbo, anavichemsha vipande vikubwa vikubwa kwenye maji yenye viungo mpaka vilainike, ndipo akate vipande vidogo, atunge. Makaa kwake ni ya kutia moshi na kukausha ngozi ya juu tu. Supu iliyobaki sufuriani haimwagwi, ndiyo inayogeuka mchuzi.

Matokeo yake mawili ni ya maana kwa mgeni. Kwanza, mwenye tumbo jepesi yuko salama zaidi kwa Padang, kwa sababu nyama imeiva mara mbili. Pili, asiyekula matumbo aseme mapema. Maneno ni daging saja, nyama tupu, na hakuna atakayekukasirikia. Ila kama ulimi huujui, hapa ndipo pa kuujulia. Ukichemshwa sawasawa ni laini kuliko nyama yenyewe, na Waminangkabau wengi wataagiza huo kabla ya kitu kingine.

Mchuzi

Mchuzi wa Madura unatengenezwa mbele yako, na kuutazama ni nusu ya utamu. Sate ikiwa bado motoni, mchuuzi anateka kijiko cha karanga zilizokaangwa na kusagwa pamoja na vitunguu saumu na pilipili, anakiweka sahanini, anamimina kecap kwa mzunguko, anaongeza sambal, yaani pilipili ya kusaga, kadiri utakavyomwambia, anakamua ndimu ndogo. Analikata lontong, yaani wali uliopikwa ukashikana ndani ya jani la mgomba, mapande mapande. Mwisho ananyunyiza vitunguu vidogo vibichi. Utamu, chumvi, uchachu na mafuta ya karanga vyote vimo, lakini utamu ndio unaotawala. Asiyependa chakula kitamu cha chumvi ataichoka kwenye kijiti cha sita. Hapo usimlaumu Mmadura, mwambie apunguze kecap aongeze ndimu.

Wa Padang umeshapikwa tangu mchana. Ile supu inakolezwa kwa manjano, tangawizi, vitunguu saumu, giligilani, bizari nyembamba, mchaichai, majani ya ndimu na ya manjano, kisha inafanywa nzito kwa unga wa mchele. Unaletewa sahani au jani la mgomba ambalo mchuzi umefunika kila kitu, nyama na ketupat, wali uliopikwa ndani ya kifuko kilichosukwa kwa makuti machanga. Juu yake vitunguu vya kukaangwa vikavu. Pembeni kuna ngozi ya ng'ombe iliyokaangwa ikavimba, inavunjika ka! ka! ka! mdomoni, ichovye ikiwa bado kavu, dakika mbili baadaye imelegea na haina raha tena.

Watu wa huko wenyewe wanagombana kuhusu rangi. Padang Panjang, mji wa milimani, mchuzi wake ni wa manjano na harufu ya viungo ndiyo iko mbele. Pariaman, pwani, ni mwekundu kwa pilipili. Jakarta mara nyingi mkokoteni umeandikwa jina la mahali, kwa hiyo soma kabla ya kuketi. Kama pilipili inakusumbua, hili ni muhimu kuliko mengine yote niliyoandika: kwa Madura sambal inaongezwa mwishoni na unaweza kuikataa, kwa Padang imo ndani ya sufuria na haitoki.

Pwani yetu tumezoea rojo la viungo, hivyo nimeona watu wa Mombasa na Zanzibar wakiielewa sate ya Padang tangu tonge la kwanza, huku wakishangaa kwamba haina nazi. Kwa kawaida haina. Uzito wote ni wa mchele.

Zile mbili za kufuatwa kwao

Klathak ni ya Bantul, kusini mwa Yogyakarta, na vibanda vyake vingi viko njia ya Imogiri na eneo la Pleret. Ni mbuzi mchanga au kondoo, vipande vikubwa kuliko vya sate nyingi za mwanzi. Spoki za baiskeli hawakuziweka kwa ajili ya picha. Chuma kinapeleka joto katikati ya nyama, kwa hiyo pande nene linaiva ndani na nje kwa pamoja bila kuungua. Kiungo ni chumvi, wengine wanatia na vitunguu saumu kidogo. Sahani ni spoki mbili, na pembeni kibakuli cha mchuzi mwepesi wa gulai, yaani wa viungo na tui. Mshike mpenzi wa mishkaki ya mbuzi umpeleke hapo bila kumwambia kitu. Udhaifu wake nao ndio huo huo: haina pa kujificha. Mbuzi akiwa mzee au amekaa, utajua kwenye pande la kwanza, wakati kecap ya Mmadura ingemsitiri.

Lilit ya Bali ni jambo jingine kabisa. Samaki anasagwa na kuchanganywa na nazi iliyokunwa, tui, majani ya ndimu na mchanganyiko wa viungo ambao Wabali huuita base genep, kisha anafinyangwa kuzunguka kijiti bapa cha mwanzi au bua la mchaichai. Ni laini, ina harufu, haikuchoshi taya. Bali ni ya Wahindu, na sate huko si chakula cha mtaani tu. Kwenye sherehe za hekaluni na za ukoo wanaume ndio wanaoamka alfajiri kukatakata nyama na kutunga, na siku ya kuamkia Galungan, sikukuu inayorudi kila baada ya siku 210 za kalenda yao, kisu hakipumziki. Ya samaki waliyoizoea wasafiri iko Pesinggahan, pwani ya mashariki, jirani na hekalu la Goa Lawah, ambako utaipata na supu ya samaki na sambal ya vitunguu vibichi.

Halali, karanga, na mfuko

Msomaji Mwislamu hana haja ya kuumiza kichwa kwa Madura na Padang. Makabila yote mawili ni ya Kiislamu na wanaoshika mikokoteni hiyo kwa kawaida ni wao wenyewe. Bali ndiko kwa kuuliza. Sate ya nguruwe ni ya kawaida huko, na hata lilit inatengenezwa kwa nguruwe, kwa kuku au kwa samaki, zote zikifanana machoni. Neno la kulikariri ni babi, nguruwe. Uliza pia kama zinachomwa jiko moja.

Mwenye mzio wa karanga aiache ya Madura moja kwa moja, hata ya mbuzi, maana sahani, vijiko na jiko ni vile vile. Padang kwa kawaida haitii karanga, lakini wapishi wa mijini wana mikono yao, pakai kacang?, yaani ina karanga?, ni swali fupi na kila mchuuzi atalielewa. Klathak ndiyo ya kukupa usingizi mzuri zaidi, ingawa kule nako utauliza kuhusu gulai.

Bei isikusumbue. Jakarta sahani ya vijiti kumi vya Madura na lontong ni kama rupia 25,000 hadi 40,000, yaani kati ya dola moja na nusu na mbili na nusu, na ya Padang haiko mbali na hapo. Klathak hupanda kidogo kwa sababu ya mbuzi. Mahali pakiwa na meza za vitambaa na kiyoyozi bei inaweza kwenda mara tatu na sate isiwe nzuri zaidi, pengine mbaya zaidi, kwa kuwa moshi hawautaki ndani.

Muda wa Madura na Padang ni jioni, baada ya magharibi. Ukimkuta anayechoma saa sita mchana si lazima awe mbaya, ila chungulia sufuria na makaa kwanza. Katikati ya Jakarta, mtaa ambao wenyeji bado wanauita Sabang unakupa aina kadhaa kwa mwendo wa dakika tano kwa miguu, na ndio ningemwelekeza mgeni asiye na mwenyeji.

Sasa uchague

Una usiku mmoja tu Jakarta: kula Padang. Sababu yangu ni rahisi. Kuku wa kuchoma na karanga unaweza kujaribu nyumbani ukakaribia. Lile rojo, kutokana na supu ya ulimi na utumbo iliyochemka saa nyingi, hutalikaribia jikoni kwako jioni moja.

Una watoto, au mtu anayekula nje ya nyumbani kwa wasiwasi: Madura, bila sambal. Hakuna mtoto niliyemwona akiikataa. Ongeza kwamba ndiyo sate ambayo Waindonesia wote wameishi nayo, na ukitaka kuzungumza nao kuhusu utoto wao, vijiti kumi vya Madura vinafungua mdomo haraka kuliko makumbusho.

Uko Yogyakarta: klathak, hata kama ulishakula sate kila siku. Uko Bali: lilit ya samaki, na hizo nyingine uziache, si kwao.

Kuna ambao watakuambia uende sate taichan, kuku mweupe asiye na kecap wala karanga, ana ndimu na sambal tu, ambayo vijana wa Jakarta waliishabikia karibu na uwanja wa Senayan. Ni chakula cha saa saba za usiku na marafiki, na pilipili yake si ya mchezo. Haiwezi kuwa sate yako ya kwanza. Maranggi ya Purwakarta, ng'ombe aliyelowekwa kwenye giligilani na sukari ya mnazi, hiyo naiheshimu, na kama unapita njia ya Bandung usiipite.

Ukiamua kubeba ukale hotelini, kwa Madura na Padang sema dipisah, mchuzi utiwe mbali. Bila hivyo lontong litanyonya kila kitu njiani. Klathak usiibebe. Mafuta ya mbuzi yakipoa yanaganda, na zile spoki mwenyewe anazitaka.